Dawa ya Siri kwa Mabati Arobaini

Bwana Taratibu hakuwahi kuangukia mahali pachafu. Hilo ndilo lililomtofautisha na matapeli wengine wa mjini, wanaojitupa popote na kuharibu nguo. Yeye, kabla kifafa hakijamshika, alitazama kwanza sakafu. Palipokuwa na vumbi, kifafa kilisubiri. Palipokuwa na boksi lililolazwa au magunia yaliyopangwa vizuri, hapo magoti yalimlegea, akashuka kiwiko kwanza, halafu bega, na kichwa mwisho kabisa, kwa heshima zote. Ndiyo maana wenzake wa kazi wakampa jina hilo. Mwenda pole hajikwai, na anayeanguka pole haumii.

Chini ya ulimi aliweka kipande cha sabuni ya mche, ukubwa wa ukucha. Povu likitoka, watu waliruka nyuma, maana wengi bado wanaamini kwamba povu lile linaambukiza. Si kweli hata chembe, lakini ujinga wa watu ndio uliokuwa shamba la Bwana Taratibu, na mtu hachomi shamba lake. Kazi ya kupiga kelele ilikuwa ya Shemeji, kaka wa mke wake, jitu lenye sauti ya king'ora na akili inayokwenda kwa miguu. Shemeji alilia, "Jamani, dawa zimemwishia! Tuchangieni anunue dawa!" Kofia ikapita, ikarudi nzito.

Siku hiyo kifafa kilimpata ndani ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Mabati. Katika hali ya kawaida asingeingia mle, kwa kuwa Mzee Mabati alikuwa mkono wa birika anayejulikana mtaa mzima. Chenji yako alikupa kama anakuchangia harusi. Lakini nje mvua ilinyesha, na ndani palikuwa na magunia matupu yamekunjwa pembeni, laini kabisa. Kishawishi kilimzidi. Bwana Taratibu akashuka.

Shemeji akalia. Kofia ikapita mbele ya wateja wawili na mafundi watatu. Ilipofika kwa Mzee Mabati, mzee hakutia mkono mfukoni. Alizunguka kaunta, akamwinamia Shemeji sikioni.

"Huyu mnampa dawa gani? Maana nina mtu wangu wa nyumbani mwenye tatizo hilo, na vidonge vya hospitali havina mwisho. Asubuhi kidonge, jioni kidonge, mwaka wa pili huu. Mimi nataka kitu cha kumaliza."

Kitu cha kumaliza! Chini pale, katikati ya povu, masikio ya Bwana Taratibu yalisimama. Miaka kumi alikuwa anaokota sarafu kwenye kofia, na sasa tajiri mzima anauliza mwenyewe njia ya kuibiwa. Shemeji, ambaye hakuwa ameona kwamba mlango wa riziki umefunguka, alikuwa anajibu, "Hatumpi kitu, mzee, sisi tunaomba tu..." Teke la kifafa likampata kwenye muundi wa mguu. Huenda ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya tiba mgonjwa kutetemeka kwa kulenga shabaha.

"Tunampa hii," Shemeji akarekebisha, huku akichechemea, akatoa mfukoni kichupa cha chai ya rangi iliyobaki asubuhi. Akadondosha matone mawili mdomoni mwa mgonjwa.

Bwana Taratibu akafumbua macho, akakaa, akatema pembeni, akajifuta kwa leso iliyopigwa pasi. "Asante, shemeji. Mzee, samahani kwa usumbufu. Hivi misumari ya inchi tatu siku hizi ni bei gani?"

Mzee Mabati alimtazama kama anatazama muujiza. Nyuma ya mizani, binti yake hakumtazama hivyo. Huyu binti, ambaye mafundi walimwita Dada Misumari kwa sababu kupima misumari ndiyo kazi yake, alikuwa ameikazia macho saa ya ukutani tangu mtu alipoanguka mpaka alipoamka. Watu walipotawanyika alichukua ufagio, akafagia nyuma ya makopo ya rangi, polepole, kama anayetafuta kitu.

Kesho yake Bwana Taratibu alirudi amevaa koti jeupe. Lilikuwa la muuza nyama mmoja aliyestaafu, lakini lilikuwa limefuliwa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba dawa ile ni ya siri, imepita vizazi vitatu, na haiuzwi kwa kila mtu. Mzee Mabati akaitikia kwa kichwa kwa utiifu mpaka lilipofika suala la malipo. Hapo shingo ikakaza.

"Pesa taslimu sina," alisema, akiwa ameegemea droo iliyojaa.

Bwana Taratibu akainua macho, akayaona mabati yamesimama ukutani, mapya, yanameta. Mjanja huyu alikuwa na nyumba. Kwa usahihi zaidi, alikuwa na kuta. Kwa miaka minne mke wake alikuwa anapika chini ya mwavuli na kumwambia mambo ambayo hayaandikiki.

"Mabati arobaini," alisema Bwana Taratibu. Wahenga walishatoa onyo kuhusu mwizi na hesabu hiyo, lakini yeye hakujiona mwizi. "Na sharti moja. Vidonge vya hospitali aviache leo leo. Dawa mbili hazikai tumbo moja."

"Mwenyewe nimeshamwambia!" Mzee Mabati akashangilia. "Miezi kumi na minne binti yangu hajaanguka. Amepona! Mtu mzima vidonge vya nini? Nimemwambia chupa iliyobaki ikiisha, basi, na kliniki asikanyage tena. Ile foleni iko barabarani, kila apitaye anaiona. Mteja akijua nyumbani kwangu kuna kifafa, atasema hata mabati yangu yanaanguka."

Tusimwonee mzee. Alimpenda binti yake. Ila alimpenda kama alivyopenda bidhaa nzuri dukani: iwe safi, isiwe na kasoro, na isigharimu kuitunza.

Binti aliweka chini sanduku la misumari. "Baba, mganga halipwi kabla ya kazi. Tuyatenge hayo mabati, mimi nitayatunza kwenye stoo. Mwaka ukiisha sijaanguka, ayachukue. Ngoja nimwonyeshe, achague mwenyewe."

Baba akafurahi kuona amezaa mfanyabiashara. Bwana Taratibu akafurahi zaidi, kwa kuwa stoo ni mahali pazuri pa kuiba.

Stoo ilikuwa na dirisha moja na harufu ya rangi. Binti alifunga mlango, akachukua kitu kutoka mfuko wa aproni, akakiweka juu ya kopo.

"Hii ni yako."

"Dada yangu, mimi naogea sabuni ya maji."

"Ina alama za meno. Jino moja la mbele limemeguka pembeni. Cheka nikuone."

Bwana Taratibu, ambaye aliishi kwa kucheka na watu, hakucheka.

"Jana umetetemeka dakika saba na nusu," binti akasema. "Mimi zikipita tano tu, watu wanatakiwa wanikimbize hospitali. Ulifumba macho kwa nguvu. Sisi macho yanabaki wazi. Nilirusha msumari karibu na mkono wako, ukausogeza mkono. Halafu ukaamka ukauliza bei. Mimi nikiamka, nusu saa nzima sijui niko wapi. Mara ya mwisho nilimwamkia baba nikamwita afande."

"Lakini baba yako anasema umeshapona."

"Sijapona." Alipandisha mkono wa blauzi. Kutoka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko ngozi ilikuwa imejikunja, nyekundu na ya kung'aa. "Hapa niliangukia jiko. Vidonge vilikuwa vimeisha, nikasema siku tatu si kitu. Siku tatu tu. Na wewe umemwambia baba niviache vyote kwa mkupuo. Unajua kinachotokea? Naweza kuanguka, nikarudia, nikarudia, bila kuzinduka katikati. Watu wanakufa hivyo. Nimebakiwa na vidonge kumi na vinane, yaani siku tisa. Kliniki nikienda, kabla sijarudi baba ameshaambiwa na wateja watatu. Nina miaka ishirini na minne, kaka, na ninaogopa."

Bwana Taratibu alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, lakini havikuwa na cha kumsaidia.

"Basi naondoka," alisema. "Mabati siyataki. Sikukuona, hukuniona."

"Huondoki. Wewe ndiye dawa yenyewe." Binti aliirudisha sabuni mfukoni. "Baba hataki vidonge vya hospitali, anataka dawa ya siri. Mpe. Kila mwezi utakwenda kliniki na kadi yangu, utachukua vidonge vyangu, utavitia kwenye chupa isiyo na maandishi, utavileta hapa na hilo koti lako la buchani. Utamwambia baba: kimoja saa moja asubuhi, kimoja saa moja jioni, bila kukosa, mwaka mzima. Ukiruka mwezi mmoja, sabuni hii inakwenda kwa mkuu wa kituo cha polisi. Anapaka nyumba rangi, kila siku yuko hapa."

"Dada, huu sasa ni utapeli."

"Nimejifunza jana," alijibu binti, akafungua mlango.

Hivyo Jumanne iliyofuata mjanja wa mjini alijikuta kwenye foleni ya kliniki, kadi mkononi, jua utosini. Palikuwa na banda la kusubiria, ila lilikuwa nguzo na kenchi tupu, zile mbao za kubebea paa. Fedha za ujenzi ziliishia hapo. Wagonjwa walikaa chini ya mbao zile kama vile wameonyeshwa picha ya kivuli. Alipofika dirishani alimkuta muuguzi mkuu, mama mpana mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Wewe nani yake?"

"Mjomba."

"Mama yake alikuwa mtoto wa pekee. Alinihadithia mwenyewe, Mungu amrehemu."

"Mjomba wa ukoo, mama. Ukoo wetu ni mpana."

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. Binti alikuwa ameshampigia simu na kumweleza jinsi baba alivyomfungia njia, na muuguzi yule alikuwa na dini moja tu: kidonge kimfikie mgonjwa. Akaandika: mjomba, msimamizi wa dawa. "Haya, mjomba. Akisahau kidonge cha asubuhi?"

"Jioni anameza viwili, anafidia."

"Unataka kumlevya? Anameza akikumbuka. Kama cha jioni kimeshakaribia, anameza hicho kimoja na maisha yanaendelea. Hakuna kufidia. Rudia."

Akarudia.

"Akianguka?"

"Napitisha ko..." Bwana Taratibu aliimeza kofia kabla haijatoka. "Naita msaada."

"Unamlaza kwa ubavu. Unatia kitu laini chini ya kichwa. Unasogeza vya kumuumiza. Humkandamizi, humtii kitu mdomoni, si kijiko, si kidole, si maji. Na unatazama saa. Rudia."

Alirudia mara tatu mbele ya foleni nzima. Miaka kumi aliishi kwa kifafa, na ilidhihirika kwamba hakijui.

Nyumbani kwa mzee mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Bwana Taratibu alifika na chupa iliyofungwa kwenye gazeti mara tatu na kukazwa kwa uzi, akaitoa kwa mikono miwili. Mzee Mabati akaipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo, yule yule aliyekuwa anasonya akiona kidonge alisimama mlangoni mwa binti yake saa moja kasoro dakika tano, saa mkononi, glasi ya maji tayari. "Amka, mwanangu! Dawa ya siri haitaki kuchelewa!" Vidonge vilikuwa vile vile, na saa zile zile. Kilichoongezeka ni gazeti.

Daktari alipotaka kujua hali ya mgonjwa, muuguzi alikuja dukani kununua komeo. Huku akilikagua komeo aliuliza chini chini kama binti anasinzia mchana, kama ana vipele, kama analala vya kutosha, akaandika majibu nyuma ya risiti. Kwa mwaka huo alinunua makomeo saba. Kliniki ilikuwa na milango minne.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo, mtu alianguka kwenye foleni. Alikuwa muoka mikate, mtu wa makamo, mkimya, aliyesimama mbele ya Bwana Taratibu. Hakutazama sakafu. Alitoa sauti moja ya ajabu, akaenda chini mzima mzima, paji la uso likapiga ukingo wa saruji. Macho yalikuwa wazi na hayakuona kitu. Damu, mate, mikono inagonga chini bila kuchagua pa kugonga.

Watu waligeuka kumtazama Bwana Taratibu, kwa sababu yeye ndiye aliyerudia somo mara tatu. Hakuwa na pa kukimbilia. Alivua koti la buchani, akalisukuma chini ya kichwa cha yule mtu, akamgeuza ubavu, akawafukuza waliotaka kumtia kijiko mdomoni, akaikodolea macho saa yake. Dakika mbili na sekunde kumi. Alishawahi kufungwa miezi mitatu, na hakukumbuka kama ilikuwa mirefu namna ile. Mwishoni yule mtu alilegea, suruali imelowa, akafungua mdomo na kuuliza kwa sauti ya kitoto kama mikate imeiva.

"Imeiva," Bwana Taratibu akamjibu. "Tulia, kaka. Imeiva yote."

Aliona aibu. Tuiandike hivyo hivyo bila kuipamba, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza maishani mwake na hakujua aiweke wapi.

Jioni ile Shemeji, ambaye alikuwa amefikiri wiki nzima mpaka akaumwa kichwa, alileta mpango. "Hivi vidonge tuviuze. Ndani ya chupa tutie vya kichwa. Vyote si vyeupe?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mabati," alisema Bwana Taratibu. "Akianguka, mabati hatupati."

Ilikuwa sababu nzuri, Shemeji akaiamini. Bwana Taratibu naye aliishikilia kwa nguvu, asije akalazimika kuitazama sababu nyingine iliyokaa nyuma yake. Lakini kazi yake ya zamani ilikufa wiki ile. Alijaribu mara moja, mbele ya benki, kwenye zulia safi kabisa. Magoti yalikataa. Akabaki amesimama na povu mdomoni, mpaka mama mmoja mpita njia akamshauri asuuze vizuri.

Kila alipoleta chupa alimnong'oneza binti: "Na mabati yangu?"

"Usiwe na wasiwasi. Hakuna wa kuyaiba," alijibu binti, huku akipima misumari.

Mwezi wa kumi wa kazi hiyo, alipofika kliniki, alikuta mkokoteni umeshusha mabati chini ya zile kenchi. Muuguzi alisimama kando, ngazi begani kama askari.

"Mjomba, nyundo unaijua?"

Kama kuna mtu aliyeijua nyundo ni yeye. Kwa miaka minne alikuwa anaezeka nyumba yake kichwani kila usiku kabla ya kulala. Alipanda, akavua koti, akaanza. Alipanga bati juu ya bati kwa kupishana vidole vinne, akapigilia mgongoni mwa mkunjo pale maji hayafiki, akamgombeza Shemeji aliyekuwa anampitishia misumari kutoka chini. Wagonjwa walimpigia makofi. Kufika adhuhuri watu wote walikuwa kivulini, na yeye alikuwa amekaa juu ya paa, jasho linamtoka, anajivunia.

"Nani katoa hivi vitu?" aliuliza.

"Msamaria mmoja. Atatajwa siku ya ufunguzi."

"Mjinga mmoja, mama, sema ukweli. Mabati ya maana hivi unawapa watu usiowajua! Dunia ina watu wa kuliwa, na mimi niko hapa nabeba vidonge."

"Usiache nafasi hapo pembeni," alisema muuguzi.

Mwaka ulipokaribia kuisha, Mzee Mabati alipata barua yenye muhuri. Kliniki ilimshukuru kwa msaada wake mkubwa wa mabati na ilimwomba awe mgeni rasmi. Akaisoma mara mbili.

"Mabati gani haya?"

"Baba, wanataka kukushukuru," alisema binti, ambaye hakuwa amelala vizuri siku mbili. "Twende wakushukuru."

Mzee akapima. Kuwa mgeni rasmi bila kutoa senti hakukuwahi kumtokea. Akaamua kushukuriwa kwanza, maelezo yafuate. Akavaa suti.

Watu kama themanini walikaa chini ya paa jipya. Bwana Taratibu na Shemeji walisimama nyuma, kwenye nguzo ya mwisho, kwa kuwa muuguzi aliwaambia mafundi nao watapongezwa. Muuguzi alisema maneno matamu. Makofi yakapigwa mpaka mzee akasahau kuuliza. Aliposimama kujibu alikuwa amelewa sifa, na mlevi huyu aliamua kuwapa watu kitu kikubwa kuliko mabati.

"Ndugu zangu, nawahurumia sana. Mnapanga foleni kwa vidonge visivyo na mwisho. Nawaambia leo hadharani, nyumbani kwangu kulikuwa na ugonjwa huu huu. Nasema kulikuwa! Binti yangu yule pale ana mwaka mzima na zaidi hajaanguka. Hospitali? Hapana! Nilipata dawa ya siri." Akatoa chupa mfukoni, akamimina kiganjani, akanyoosha mkono wote waone.

Vilikuwa vidonge vyeupe, vya mviringo, vyenye mstari katikati.

Mstari wa mbele, muoka mikate aliinama akatazama. Akatoa pakiti yake, akamimina vyake kiganjani, akaweka mkono wake kando ya mkono wa mzee. Bibi mmoja akasimama akaleta vyake. Kijana mwenye sare ya ulinzi naye akaja. Mtu mmoja akaanza kucheka, kicheko kikaenea.

"Mzee," alisema bibi yule kwa upole, "siri hii sisi tunapewa wote, kila Jumanne."

Mzee Mabati aliinua macho, akaliona koti jeupe nyuma ya nguzo. "Wewe! Mshikeni huyo!"

"Baba, ni mimi." Binti alikuwa amesimama. Kicheko kikakatika. "Ni mimi niliyemwambia alete vidonge. Ni mimi niliyetoa mabati. Ulisema chupa ikiisha, basi. Zilibaki siku tisa, baba. Nilikuomba mara nne, ukasema nimepona. Sikupona. Nazuiwa nisianguke na hivyo ulivyoshika. Yule ni tapeli, najua, lakini mwaka mzima hajakosa hata mwezi mmoja. Na wewe ni baba yangu..."

Akakaa, akafunika uso kwa mikono yote miwili, na kovu lake likaonekana na watu wote.

Mzee alibaki amenyoosha kiganja. Muuguzi alimsogelea.

"Mficha maradhi, mzee, kifo humuumbua. Huyu alibakiza siku tisa."

"Hivi vidonge," mzee alisema hatimaye, "mnauza bei gani?"

"Bure."

"Bure?"

"Bure tangu siku ya kwanza. Hukuwahi kuja kuuliza."

Usoni mwa Mzee Mabati vitu viwili vilianza kupigana, na watu themanini wakashuhudia. Aibu yake ilikuwa ya miaka miwili. Ubahili wake ulikuwa wa miaka sitini. Alianza kurudisha vidonge kwenye chupa, kimoja kimoja. Kimoja kikamponyoka. Mzee yule, na suti yake, alipiga magoti, akaingia chini ya benchi, akakitafuta kati ya miguu ya watu mpaka akakipata. Alipotoka macho yake yalikuwa yamelowa. Akakifuta kwenye kola ya suti, akakitia chupani.

"Nipe hiyo kadi," alimwambia Bwana Taratibu.

Muuguzi aliichukua, akakata neno mjomba, akaandika baba.

"Mnaanza kugawa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitakuja saa kumi na moja alfajiri," alisema Mzee Mabati. "Nataka niwe wa kwanza, wanione wote." Akaenda kukaa karibu na binti yake, chupa ameishika kwa mikono miwili. Binti aliegemeza kichwa begani kwake.

Bwana Taratibu alisubiri kwa adabu mpaka machozi yalipokauka. Halafu akasogea kutoka upande wa pili, akainama, akanong'ona.

"Dada, pole na hongera. Ila mwaka umeisha, na mimi ahadi yangu nimetimiza. Umesema umetoa mabati. Ulitoa yale ya mzee, au mabati yangu?"

Binti aliinua tu uso akatazama juu, na Bwana Taratibu naye akatazama juu. Alitazama safu ya kwanza, akatazama ya pili, akaanza kuhesabu kwa midomo, akaacha kabla ya kufika kumi.

"Uliyapigilia vizuri sana, kaka," alisema binti. "Mvua ya juzi haikupenya hata tone."